Kiduara Pembeni ya Jina

Wizarani, 11 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yako yamepunguza kelele. Sisi huku hatujambo. Mume wangu amerudi kutoka safari ya kikazi akiwa amekonda kidogo, na mapacha wameanza shule. Mmoja alilia siku ya kwanza, mwenzake akalia siku ya pili, wasije wakadhulumiana. Mama ameniambia umekataa katakata kununua kifaa cha masikio. Ukipigiwa simu unaitazama kama imekutukana, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua tangu mwaka jana mimi ni katibu wa kamati inayoandika sera ya taifa ya kupunguza madhara ya pombe. Hatuna nia ya kumfunga mtu mdomo, kila mtu na koo lake. Rasimu yetu ina mambo matatu makubwa. La kwanza ni kuzuia pombe kuuzwa asubuhi. La pili ni kuondoa pombe kali ya vifuko, ile inayouzwa hadi kwenye vibanda vya sabuni. La tatu ni kuongeza safu moja kwenye rejesta za mapokezi ya majeruhi nchi nzima, ili ijulikane mtu ameumia akiwa amekunywa au hajanywa.

Kwenye kamati yumo mwakilishi wa wauzaji wa vinywaji, baba mmoja mpole anayetugawia peremende kila kikao. Wiki iliyopita aliniambia, "Dada katibu, takwimu zako zote ni za nchi za watu. Za hapa kwetu ziko wapi?" Zitatoka wapi na rejesta zetu haziulizi?

Nilipofika nyumbani nikakukumbuka wewe. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nikitoka shule nakaa kwenye benchi nyuma ya meza yako ya muuguzi wa mapokezi hadi umalize zamu. Ulikuwa ukimaliza kuandika jina, umri na jeraha, unachora kiduara kidogo pembeni ya baadhi ya majina. Nikakuuliza ni nini, ukanijibu, "Hiyo ni pua yangu." Nilicheka, na ilinichukua miaka kuelewa.

Nimempigia mganga mkuu wa hospitali yenu. Rejesta zako za miaka thelathini na moja zipo stoo, isipokuwa mbili zilizoliwa na mchwa. Kamati imekubali kuzitumia kwa sharti moja: aliyechora aeleze kwa maandishi viduara vina maana gani, na athibitishe kwa sahihi kwamba ni vya kweli na ni kamili. Nimekuwekea karatasi humu ndani, ni ukurasa mmoja tu. Kamati inakaa kwa mara ya mwisho tarehe 28 Machi. Kisichokuwemo siku hiyo hakitaingia tena, labda mapacha wangu wakiwa wazee.

Nakushukuru mapema, mjomba. Tangu baba alipofariki wewe ndiye uliyenishika mkono, na naona hata kazini bado unanishika.

Mpwa wako


Nyumbani, 2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi, nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nimetingwa. Usiniulize mstaafu anatingwa na nini. Paa la jikoni linavuja mahali pawili, na kila nikiziba hapa linanifungulia kule. Mama yako hajambo, isipokuwa amenikalia kooni na hicho kifaa cha masikio. Nimemwambia nimesikiliza watu wakilia kwa miaka thelathini na moja, aniache nipumzike. Wabusu hao mapacha wako wanaolialia.

Kuhusu viduara, ni kweli. Nilianza mwaka wangu wa pili kazini. Kulikuwa na Jumamosi moja walikuja wanaume kumi na mmoja, huyu kapasuka kichwa, yule kavunjika taya, na ripoti tuliyopeleka juu ilisema neno moja tu, ajali. Nikafikiri, mtu akija kusoma kitabu hiki baadaye atadhani mji huu una sakafu zinazoteleza sana. Basi nikawa nainama kama ninayetazama kidonda, nanusa, nachora. Hakuna aliyeniagiza. Nikiwa na shaka sikuchora. Wenzangu ndio walionibatiza jina la Pua, na jina limenifuata hadi kwenye kustaafu.

Nafurahi sana kama vitakusaidia. Ungeniona nilivyotembea kifua mbele siku niliyoipata barua yako.

Kuhusu ile karatasi, miwani yangu imevunjika mkono mmoja, nami sipendi kutia sahihi kitu nisichokisoma vizuri. Ipo kabatini, haijapata hata vumbi. Ninyi anzeni kuhesabu, mimi si wa lazima sana.

Mjomba wako


Wizarani, 14 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote wazima, ila mapacha wameleta mafua kutoka shule na kuyagawa kwa usawa nyumba nzima.

Hiyo miwani yako iliyovunjika imeweza kuandika barua nzima bila kutoka nje ya mstari hata mara moja. Pole yake.

Mjomba, bila sahihi yako hatuna kitu. Yule baba wa peremende atasema muuguzi alikuwa anajaribu kalamu, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Zimebaki wiki sita. Kama unaogopa kushtakiwa kwa kuchora kwenye kitabu cha serikali, mganga mkuu amenihakikishia hakuna atakayekugusa. Kama unaumwa, niambie nije.

Mama anasema umekwenda kwake mara mbili wiki hii, ukakaa, ukanywa chai, ukaondoka bila kusema kitu. Wewe, kunyamaza? Alinipigia akiwa na wasiwasi, na mimi wasiwasi wake umenihamia.

Chochote kile, niambie. Sijawahi kukufungia mlango, na wewe hujawahi kunifungia wa kwako.

Mpwa wako


Nyumbani, 9 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Poleni na mafua. Mama yako mzima, mimi mzima. Kaa kitako kabla hujaendelea, na kama uko ofisini funga mlango.

Karatasi yako inataka niseme viduara vyote ni vya kweli na ni kamili. Vya kweli ni vya kweli, nakuapia. Lakini si kamili. Kuna kimoja sikukichora, nacho ni cha baba yako.

Jumatatu ile, saa nne asubuhi, wenzake wa kazini walimleta juu ya mlango walioung'oa kwenye bawaba. Alikuwa bado anapumua. Niliinama kama nilivyoinama kwa wengine wote, nikanusa, nikajua. Alikuwa amekunywa kabla ya kupanda kazini. Nikampeleka ndani kwa daktari, nikarudi mezani, nikaandika: fundi mwashi, miaka thelathini na saba, ameanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Mmoja wa wenzake alisema, "Labda ubao uliteleza." Mimi nikaandika ubao uliteleza. Ile "labda" niliiacha makusudi. Halafu nikafunga rejesta. Saa sita alikuwa ameshatutoka.

Niliwafikiria wewe na dada yangu. Sikutaka watu waje msibani wakinong'onezana. Nilidhani natoa kitu kidogo tu, mduara mmoja usiozidi punje ya mtama.

Lakini ubao haujiweki wenyewe. Aliyelijenga lile jukwaa ni fundi seremala, yule mwenye karakana nyuma ya soko, ambaye wewe na watoto wenzako mlikuwa mkimwita Ubao bila kujua jina limetoka wapi. Msimamizi wa ujenzi alisoma nilichoandika, akamfukuza siku ya pili. Hakuna aliyempa kazi ya jukwaa tena mjini hapa. Miaka ishirini na minne sasa anatengeneza miguu ya viti na vitanda vya watu. Nikipita pale humsalimia kwa mbali, naye huitikia kwa heshima kwa sababu mimi ni kaka wa mjane.

Hilo ndilo lililonifunga mkono. Nilikwenda kwa mama yako mara mbili nikashindwa. Mara ya tatu nilimwambia kabla hata sijakaa. Alikuwa anapiga pasi. Hakuiweka chini. Akasema, "Nguo zake alizoletwa nazo hospitali zilifuliwa na nani, kaka? Unadhani pua unayo wewe peke yako?"

Mpwa wangu, nilikaa pale pale kwenye kapu la nguo. Kumbe alijua siku zote, akanificha mimi, na mimi nikamficha yeye, na sote wawili tukakuficha wewe. Tulihifadhiana vizuri kabisa. Mzigo wote ukaenda kwa mtu wa watu.

Tulimwendea fundi seremala pamoja asubuhi iliyofuata. Alikuwa ameshikilia mguu wa kiti aliokuwa ameutia gundi, hakuweza kuuachia, kwa hiyo alitusikiliza akiwa ameukumbatia. Mama yako ndiye aliyezungumza zaidi. Tulipomaliza akaendelea kuukumbatia mpaka gundi ikashika. Kisha akasema, "Jioni ile nilirudi nikaukagua ule ubao. Ulikuwa umeshikwa na misumari minne. Nikajiambia huenda nimekagua vibaya, kwa sababu hospitali imeandika." Mama yako akaanza kulia. Yeye akampa kitambaa kilichojaa unga wa mbao, akasema, "Pole nimezipokea. Mimi nataka iandikwe."

Basi tukaenda wote watatu kwa mganga mkuu. Naye, baada ya kutusikiliza, akatufungulia stoo mwenyewe. Katika kazi yetu hatufuti kilichoandikwa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, unaandika sahihi yake, unatia tarehe ya siku unayosahihisha, na jina lako. Nilipiga mstari kwenye "ubao uliteleza". Nikachora kiduara. Nikatia tarehe ya juzi na jina langu. Fundi akaomba nimsomee kwa sauti. Nikasoma. Akaomba tena, nikasoma tena. Akasema, "Ahsante."

Niliyemvunjia maisha aliniambia ahsante, mpwa wangu. Nilitafuta pa kuuweka uso wangu sikupaona.

Karatasi yako hii hapa, ina sahihi. Nisamehe. Ukitaka kukaa bila kuniita mjomba kwa muda, nitaelewa.

Wako


Wizarani, 20 Machi

Mjomba,

Nimeanza na neno hilo ili ujue. Shikamoo.

Barua yako niliisoma na mlango wazi, kwa sababu lini nimewahi kukusikiliza. Nililia mbele ya mhudumu wa ofisi, akaenda kuniletea maji na akasahau kurudi. Nilikasirika pia, siwezi kukudanganya. Nilikuwa mtoto ninayevuka barabara ili nisipite mbele ya ile karakana. Hakuna aliyeniambia kisa, nadhani nilikisoma usoni mwa watu. Lakini hasira ilipokwisha kilichobaki kilikuwa shukrani. Ungeweza kutia sahihi mwezi Januari na nisingejua kamwe. Umeniheshimu mjomba, nami nakushukuru kwa hilo kuliko kwa ada zote za shule.

Nimemwandikia fundi seremala barua yake, ipo ndani ya bahasha hii. Mpelekee mwenyewe, usimpe mtu.

Rejesta zimefika, maboksi manne. Tunahesabu watu watatu, mimi na makarani wawili. Ili kulinda siri za wagonjwa tumekata vipande vya kadi ngumu, tunafunika safu ya majina, tunaona tarehe, saa, jeraha na kiduara tu. Tumefika viduara elfu sita mia mbili na kumi na nne. Unajua tulichokuta? Jumatatu kabla ya saa sita mchana inakaribiana na Jumamosi jioni. Wote waliosema hakuna anayekunywa asubuhi hawakuwahi kukaa mezani kwako.

Kuna jambo moja. Tulipofika kwenye kitabu cha mwaka ule, nilikiinua kile kipande cha kadi. Najua sikupaswa. Niliona mstari wako, kiduara na tarehe ya mwezi huu. Halafu nikafungua kurasa za nyuma, nikamkuta baba mara mbili nyingine. Mwezi wa nne, amejikata kiganja. Mwezi wa saba, amepasuka nyusi, ngazi. Mwandiko ni wako, na pembeni ya zote mbili kuna kiduara. Alikufa mwezi wa kumi.

Ulimwambia nini, mjomba, hizo mara mbili? Siulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua mlichozungumza.

Mpwa wako


Nyumbani, 25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua zimeanza, na paa limeamua kunyamaza kwa sasa. Mama yako anakusalimu, anasema uvae lile gauni la bluu siku ya kikao, linakuonyesha mtu mzima.

Barua ya fundi nilimpa mkononi. Aliisoma mbele yangu taratibu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Swali lako nimeliona.

Nakuombea heri tarehe 28.

Mjomba wako


Wizarani, 7 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mume wangu na mapacha wanakusalimu. Nilivaa gauni la bluu, mwambie mama.

Kikao kilianza saa tatu. Nilisoma takwimu zako kwa dakika arobaini. Kisha yule baba wa peremende akanyoosha mkono. Alikuwa amezipitia rejesta mwenyewe, majina yakiwa yamefunikwa, haki yake. Akasema, "Kuna kiduara kimoja kimechorwa mwezi huu, kwenye kitabu cha miaka ishirini na minne iliyopita. Tutajuaje vingine navyo havikuchorwa juzi?"

Mwenyekiti wetu, mama daktari aliyestaafu, akanigeukia. Ningeweza kusema habari za mgonjwa ni siri, na kanuni zingeniunga mkono. Nikasimama. Nikasema, "Mgonjwa huyo ni baba yangu. Aliyeacha kuchora ni mjomba wangu, na aliyesahihisha ni yeye huyo huyo, kwa tarehe na kwa jina lake. Mtu anayesahihisha mstari mmoja baada ya miaka ishirini na minne, huku akijua utamwaibisha, mimi namwamini kwa mistari mingine yote."

Ningekaa hapo, lakini mdomo uliendelea. Nikasema, "Baba yangu alikuwa anakunywa asubuhi. Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ananibeba begani hadi shule. Nilikua nikidhani ile ni harufu ya saruji." Sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, mjomba, hata nikiwa peke yangu. Nilimpenda na alikuwa mlevi. Nilipolisema hilo nilijisikia mwepesi hadi nikashika meza.

Baba wa peremende alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema, "Sina swali zaidi."

Niliomba kujiuzulu ukatibu kwa kuwa nina maslahi katika jambo hili. Mwenyekiti akaniambia nikae nimalize kuandika kumbukumbu za kikao, ya kujiuzulu tutayaona. Wamewapa watu wa ofisi ya takwimu wahesabu upya bila mimi. Wamepata viwili pungufu ya vyangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyehesabu na machozi.

Matokeo ni haya. Safu mpya kwenye rejesta imepita bila kupingwa. Pombe kutouzwa kabla ya saa sita mchana kumepita kwa kura moja, na sitakuambia ya nani, ila siku ile aliondoka bila kugawa peremende. Pombe ya vifuko imeahirishwa "kwa utafiti zaidi", mahali ambapo mambo mengi hulala usingizi mzito. Nitaiamsha, nipe muda. Sasa rasimu inakwenda kwa baraza la mawaziri.

Hujanijibu swali langu na sitakuuliza tena. Nataka tu ujue kwamba nchi nzima itaandika kile ulichoandika peke yako. Ahsante, mjomba. Ahsante sana.

Mpwa wako


Nyumbani, 19 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza. Hongera kwa sera kutiwa sahihi, nimesikia redioni kwa masikio mapya. Ndiyo, nimenunua kile kifaa, mama yako ameshinda. Sasa nasikia hata mambo nisiyoyataka, likiwemo paa. Nilipanda kulitazama Jumanne, bati likanikata kiganja, mama yako akaniburura hadi hospitali kama mtoto wa chekechea.

Kwa hiyo mwaka huu nimekaa upande wa pili wa ile meza. Benchi lako bado lipo nyuma yake. Aliyenipokea ni muuguzi binti, hata miaka ishirini na mitano sidhani kama anayo. Rejesta ilikuwa mpya, ina harufu ya kiwandani. Akaandika jina, umri, jeraha. Kisha akafika kwenye safu yako, akainua macho, akaniuliza, "Babu, leo umekunywa pombe?"

Nilishtuka. Nikamwambia, "Mbona hujaninusa?"

Akacheka. "Nikunuse kwa nini, babu? Si nimekuuliza."

Mwanangu, jibu la swali lako ni hilo. Uliniuliza nilimwambia nini baba yako mwezi wa nne na mwezi wa saba. Sikumwambia kitu. Nilimshona kiganja, nikamtania kuhusu timu yake iliyofungwa, nikachora kiduara, nikaita jina linalofuata. Mwezi wa saba nilimshona nyusi, nikamwambia aangalie ngazi. Nilinusa watu zaidi ya elfu sita na sikumwuliza hata mmoja. Niliona ni kuwavunjia heshima. Yeye alikuwa shemeji yangu, nilimpenda, tulikula sahani moja, na ningeweza kumwuliza kwa sauti ya chini hapo hapo kwenye sindano, na hakuna ambaye angesikia. Sijui angenijibu nini. Hilo ndilo lililonifanya nikunyamazie miezi yote hii, na kunyamaza kwenyewe ni kosa lile lile.

Ngoja nikwambie kilichofuata, ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa fundi wa kupaka rangi, wa umri wa baba yako enzi zile, na viatu vyake vimejaa matone meupe. Alikuwa amepasuka kidevu. Binti akamwuliza swali lile lile. Yule mtu akatazama sakafu, akanitazama mimi kama vile ningemsaidia kupata uongo. Nikamtazama tu. Akasema, "Ndiyo. Na jana. Na juzi."

Binti akaandika. Halafu akaiweka kalamu chini, akakizungusha kiti chake hadi upande wa yule mtu, akakaa karibu naye, akasema, "Kabla sijakushona, hebu tuzungumze kidogo."

Mimi nilikuwa nimeshafungwa bendeji, sikuwa na kazi pale. Nikatoka niwaache. Mama yako alitaka twende nyumbani, nikamwomba tukae kidogo kwenye ngazi za nje. Walizungumza muda mrefu sana. Najua, kwa sababu nilisubiri mpaka alipotoka.

Ahsante, mwanangu.

Mjomba wako